Alama Nne za Baba Mkwe

Usiku wa jana niliota, wala sikuwa nimeomba ndoto, kwamba nimeitwa kazini tena, miaka ishirini na mitatu baada ya kustaafu, ili nisimamie mtihani wa atomu moja.

Barua ya wito ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa jiko langu hapa Tukuyu. Ilisema: "Mwalimu Sekela, unatakiwa maabara saa nne kamili asubuhi. Njoo na kalamu nyekundu. Usiguse ukuta." Haikuwa na sahihi, jambo ambalo sikulipenda, lakini muhuri ulikuwapo.

Kabla sijaendelea, yanipasa kueleza chanzo, kwa maana ndoto isiyo na chanzo haina tofauti na uvumi. Mjukuu wangu Tupokigwe anasomea fizikia ughaibuni, katika maabara ambamo hutengenezwa atomu za maada-kinyume. Amekuja likizo ya wiki mbili, na mkobani amekuja na kijitabu alichokiandika kwa Kiswahili kwa ajili ya shule zetu za sekondari. Alinikabidhi nikisahihishe. Jana kutwa kijitabu hicho kilikuwa mapajani mwangu.

Kwa mujibu wake, kila chembe ya maada ina pacha wa kinyume. Wakigusana, hawapigani wala hawasalimiani. Hutoweka wote wawili, ukabaki mwanga. Kwa hiyo atomu ya kinyume haiwezi kuwekwa ndani ya chombo chochote, kwa kuwa chombo nacho ni maada. Huwekwa ndani ya chupa isiyo na ukuta, ambayo ukuta wake ni nguvu ya sumaku tu, na mle ndani hufyonzwa mpaka isibaki hata hewa, likabaki ombwe. Nilifika ukurasa wa kumi na nane, nikaiweka kalamu nyekundu juu ya kijitabu, nikalala.

Basi nilifungua mlango wa jiko. Jiko halikuwapo. Palikuwa na maabara.

"Hodi," nikasema.

"Hamna mtu," ikajibu sauti.

"Kama hamna mtu, anayejibu ni nani?"

"Ni mimi, Ombwe. Kutokuwapo ndiyo kazi yangu. Tafadhali, Mwalimu, vua hewa mlangoni. Humu hatuingii na hewa."

Nikavua hewa yangu, nikaikunja, nikaiweka juu ya viatu ili isipeperuke. Ombwe akanishukuru. Alisema kwamba wageni wengi huitupa ovyo, naye ndiye anayelazimika kuifagia.

Ninaingia. Ndani ni kweupe na ni baridi kuliko Julai ya kwetu. Kwa kuwa hewa imebaki nje, maneno hayatoki kinywani kwa sauti, bali kwa mwanga: neno la upole hutoka hafifu kama kaa la moto lililofunikwa majivu, na neno la ukali huwaka. Katikati, viti vinane vimepangwa duara, na juu yake wameketi Sumaku nane, wanawake wanene waliovaa vitenge vya sare, kama mawifi wanaomsubiri bibi harusi. Wanapatazama kwa makini sana mahali patupu katikati yao, ndiyo chupa yenyewe.

"Wifi, umekawia," anasema Sumaku mkubwa wao.

"Ni saa nne kamili." Ninamwonyesha saa yangu ya mkononi.

"Na umezeeka," anasema wa tatu.

"Hilo halimo katika barua ya wito."

Wakacheka wote nane. Duara likapinda, ikawabidi waache kucheka ili linyooke.

"Wifi," akasema mkubwa wao, sasa kwa unyenyekevu, "tumeshindwa. Tangu alfajiri tumetengeneza atomu za kinyume elfu tisa. Kila mmoja akizaliwa tu, anakimbilia ukutani. Anagusa. Mwanga. Kwisha. Sisi haturuhusiwi kuwashika. Tunawasukuma kwa heshima tu ili wakae katikati. Lakini hawajui kukaa nyumba moja na mtu ambaye hawapaswi kumgusa."

"Nami nimeitwa kwa sababu gani?"

"Tumesikia kwamba uliwahi kukaa nyumba moja na mtu usiyepaswa kumgusa. Miaka saba."

"Sita na miezi minne," nikamsahihisha.

Hapo ilinijia harufu ya mianzi mibichi, nikakumbuka.

Niliolewa na Mwalimu Gwamaka nikiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, nikaingia katika nyumba ya mianzi ya wazazi wake, huko juu ambako ukungu huingia ndani bila kubisha hodi. Kwetu Unyakyusa, siku zile, mkaza mwana na baba mkwe hawakutazamana usoni, hawakugusana, hawakusemezana, wala mkaza mwana hakulitamka jina la baba mkwe hata awapo peke yake shambani. Haikuwa chuki. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yenyewe. Baba Mkwe alipokaribia nyumba alikohoa mara mbili akiwa bado migombani. Niliposikia, niliingia jikoni, au nilitoka njiani nikampa mgongo na kujifunika kanga kichwani. Kwa miaka sita na miezi minne nilimjua kwa miguu yake, kwa kovu la kisigino cha kushoto, na kwa kikohozi ambacho ningekitambua katikati ya vikohozi mia.

Alipokuwa na neno la kuniambia, alikiambia kinu kilichokaa mlangoni. "Kinu, mwambie mwenye jiko kwamba ndizi ziko mlangoni." Nami, nikiwa ndani, nilijibu: "Kinu, mwambie tumeshukuru." Kinu kilitutumikia kwa uaminifu, wala hakikuongeza neno lake.

Kwa hiyo niliwaambia Sumaku: "Kosa lenu ni kumkodolea macho. Mtu wa namna hiyo hasukumwi, hupewa njia. Mgeuzieni migongo."

"Migongo?"

"Migongo. Na msimwite."

Sumaku nane wakageuza viti vyao kwa kishindo kimoja, wakaipa chupa mgongo.

"Leteni," akasema mkubwa wao.

Protoni wa kinyume wanaingia wakikimbia kama ndama waliofunguliwa zizini. Kijitabu kinasema kwamba sharti wapunguzwe mwendo mpaka wapoe, ama sivyo hawafai kwa kazi yoyote. Ninasimama. "Kaeni!" ninasema, na neno linawaka hadi darini. Wanakaa. Wanapoa. Kutoka kwenye kipande cha sodiamu nururifu kilichoko pembeni wanatoka elektroni wa kinyume, wembamba, wenye haya, wakitembea kwa safu. Mmoja anaposwa na protoni wa kinyume. Anakubali, na wawili hao wanakuwa atomu. Sumaku wanapiga vigelegele vya kimya bila kugeuka.

Na atomu ikatulia katikati ya chupa, ndogo kuliko wazo, haikwenda ukutani.

Ikakohoa mara mbili.

Niligeuka papo hapo, nikapiga magoti, nikajifunika kanga kichwani. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kijivu la shule, lakini kanga ilikuwapo ilipohitajika.

"Wifi, kuna nini?"

"Ni Baba Mkwe."

"Atomu?"

"Atomu."

"Haya," akasema Sumaku mkubwa, akachukua fomu. "Jina lake?"

"Siwezi kulitamka."

"Mtihani haufanywi bila jina la mtahiniwa," akasema Fomu mwenyewe. "Tangu nichapwe, nafasi yangu ya jina haijawahi kuachwa wazi."

"Basi leo ndiyo siku."

Fomu alinuna, akajikunja pembe ya juu.

"Tutamshikilia kwa sekunde elfu moja," akasema Sumaku mkubwa. "Zaidi ya hapo mikono yetu huchoka."

"Dakika kumi na sita na sekunde arobaini," nikasema. "Nanyi hamna mikono."

"Ndiyo maana huchoka."

Dakika kumi na sita na sekunde arobaini. Nilijua la kufanya nazo. Nilikuwa nimezingoja kwa karibu miaka hamsini.

Jambo lenyewe ni hili. Katika nyumba ile ya mianzi, kila alasiri niliwafundisha kusoma watoto na watu wazima wa kijiji, barazani. Baba Mkwe alisuka vikapu nyuma ya ukuta. Kila niliposikia mianzi ikilia, nilijua kwamba amejiegemeza, nami kwa adabu nilishusha sauti, ili mkaza mwana asisikike anapaza sauti mbele ya mkwewe.

Siku moja, chini ya jiwe nililokuwa nikiweka juu ya kazi za wanafunzi, nilikuta nusu karatasi iliyoandikwa kwa penseli, herufi zikiwa zimeinama kama mahindi baada ya mvua ya mawe. Ilisema: *mama soma kwa nguvu sauti inaisha kabla ya kufika ukutani mimi bado niko herufi r.*

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Nilidhani ni ufedhuli wa kijana mmoja wa nyuma, aliyeitwa Lwitiko. Nikachukua wino mwekundu, nikaandika: *4/10. Hakuna jina. Hakuna nukta. Andika tena.* Nikairudisha chini ya jiwe. Kesho yake haikuwapo, wala hakuna aliyeandika tena. Lwitiko nilimsimamisha alasiri nzima kwa kosa lisilo lake. Na sauti yangu sikuipandisha.

Mwaka uliofuata tulihamishiwa Njombe. Baada ya miaka mitatu Baba Mkwe alifariki, tukarudi kuzika. Matanga yalipokwisha, Mama Mkwe aliniita jikoni, akatoa karatasi kutoka katika mfuko wa koti la marehemu. Mikunjo yake ilikuwa imelainika kama kitambaa cha kale.

"Alikuwa akiitoa na kuitazama," Mama Mkwe akasema. "Akiwa peke yake, na hata mbele za watu. Mimi sikusoma, mwanangu. Inasemaje?"

Niliiangalia. Nikaona wino wangu. Nikaelewa mkono ulioiandika ulikuwa wa nani, na nilimwandikia nani nne kwa kumi.

"Inasema ndizi ziko mlangoni," nikamjibu.

"Ndizi tu?"

"Ndizi tu, mama."

Akacheka huku analia. Tangu siku ile ukoo mzima umecheka. Mtu wetu akitangaza jambo dogo kwa mbwembwe, huambiwa, "Ndizi ziko mlangoni!" Wanangu husema hivyo, wajukuu husema hivyo, nami hucheka pamoja nao. Karatasi yenyewe naitunza katika kopo la majani ya chai, juu ya kabati, nyuma ya sukari.

Sasa nimepiga magoti katika maabara, mgongo wangu kwake, na saa inakwenda.

"Mwambieni," nikawaambia Sumaku, "kwamba naomba ruhusa yake kuhusu ile karatasi. Nataka kuifuta alama."

"Sisi hatuwezi kusema naye, wifi. Tukisema naye tunatikisika, naye ataponyoka. Tafuta mwingine."

"Nipo," ikasema sauti nzito kutoka pembeni.

Alikuwa Kinu. Alisimama karibu na mlango, mahali pake pa siku zote, na pumba za jana midomoni.

"Wewe unafanya nini hapa?" nikamwuliza.

"Sijawahi kuachishwa kazi."

"Basi, Kinu, mwambie kwamba naomba niifute ile alama."

Kinu akalifikisha. Kisha maneno yakanifikia mgongoni, nikauhisi mwanga wake kwenye shingo: "Kinu, mwambie Mwalimu kwamba mtihani kwanza."

Alikuwa na haki. Mtihani kwanza.

Akaingia Leza, mwale wa mwanga, mrefu, mwembamba, mtu ambaye hajawahi kukata kona maishani mwake. Kwenye dawati la mbele alikuwa ameketi Haidrojeni wa kawaida, pacha wa atomu yetu, aliyeletwa ili majibu yalinganishwe, mikono kifuani.

"Mimi swali hili nalijibu tangu ulimwengu uumbwe," Haidrojeni akasema. "Sijakosa hata mara moja."

"Kaa," nikamwambia.

"Nimekaa, Mwalimu."

"Kaa zaidi."

Leza akauliza, naye huuliza swali moja tu: "Kutoka ngazi ya chini kabisa hadi ngazi ya pili, wewe hupanda kwa mwanga wa rangi gani? Jibu kwa tarakimu zote."

Haidrojeni akajibu kwa mkupuo mmoja, kama mtoto anayetaja jina lake. Sumaku wa tatu ananong'ona kwamba majibu hayo mawili yakipishana hata kwa tarakimu moja, ulimwengu utabidi uandikwe upya.

"Kwa penseli au kwa wino?" ninauliza.

"Kwa penseli."

"Hiyo si mbaya."

Baba Mkwe akaanza kujibu. Hakuwa na haraka. Alitaja tarakimu moja, akangoja, akataja nyingine, kama mtu ambaye mafunzo yake yalimfikia neno moja moja, kupitia nyufa. Nilihesabu kwa vidole chini ya kanga. Ya tisa. Ya kumi. Ya kumi na moja. Kwenye ya kumi na mbili akasita, nami nikasikia mianzi ikilia, ingawa mahali hapo hapakuwa na mianzi wala hewa ya kuubeba mlio wake.

Akaitaja.

"Sawasawa," akasema Leza. "Rangi ni ile ile."

"Amenakili!" akapiga kelele Haidrojeni.

"Atanakili wapi?" nikamwuliza. "Hajawahi kuwa upande huu wa ulimwengu."

"Amenisikiliza! Alikuwa nyuma ya ukuta, akanisikiliza!"

"Kusikiliza nyuma ya ukuta," nikasema, na neno langu likawaka kuliko nilivyokusudia, "si kunakili. Ni kusoma. Kaa zaidi."

Haidrojeni akakaa zaidi, akafika sakafuni.

Nilipotazama tena, maabara ilikuwa na sakafu ya udongo. Ukuta wa mbele yangu ulikuwa wa mianzi, na ukungu ulikuwa unaingia bila kubisha hodi. Ombwe alilalamika kwamba ukungu haujavua kitu mlangoni. Hakuna aliyemsikiliza. Hii ni baraza yetu. Lile ni jiwe langu la kazi za wanafunzi. Mguu mmoja wa kigoda cha Baba Mkwe bado umefungwa kwa kamba ya mgomba, kama alivyoufunga mwenyewe mwaka ule wa mvua nyingi.

"Kinu," mwanga ukasema nyuma yangu, "mwambie Mwalimu asiifute nne yangu."

"Kinu, mwulize kwa nini."

"Kinu, mwambie kwamba nne hiyo nimekwenda nayo sokoni, nimekwenda nayo misibani, nimeketi nayo katika vikao vya wazee. Wenzangu walikuwa na ng'ombe wengi. Aliyekuwa na nne nilikuwa mimi peke yangu."

Kanga ililowa kidogo. Ulikuwa ukungu.

"Kinu, mwambie kwamba niliiandika kwa hasira. Tena hata hasira yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya Lwitiko."

"Kinu, mwambie Mwalimu kwamba wino ukikauka hasira haionekani. Inaonekana nne." Akakohoa, kikohozi kimoja tu, kile cha mtu anayezuia kicheko. "Na mwambie pia kwamba aliniagiza niandike tena. Nimeandika. Nimechelewa, ila nimeandika."

Nikahisi kitu kimejitokeza nyuma ya kichwa changu, chepesi, kinang'aa. Ilikuwa karatasi, iliyotengenezwa kwa maada yake, ikielea katikati ya chupa.

"Wifi, usigeuke!" wakasema Sumaku wote nane. "Na usiiguse!"

"Sijawahi kugeuka," nikawajibu.

Niliuinua mkono wangu wa kushoto mpaka kioo cha saa kikawa mbele ya macho yangu. Herufi za Baba Mkwe zilitazama upande wa pili, kama ipasavyo kwa mtu wa kinyume, lakini ndani ya kioo cha saa zilinyooka. Mkaza mwana na baba mkwe hawakutazamana, wala mwiko haukuvunjwa. Chini ya herufi, ndani ya kioo hicho hicho, mshale wa saa ulionyesha kwamba zimebaki sekunde sitini.

Nikasoma: "Mwalimu. Soma kwa nguvu. Sauti yako huisha kabla ya kufika ukutani. Sasa nimefika herufi z."

Maneno yangu yalitoka hafifu, makaa chini ya majivu. Yalianguka magotini mwangu. Yalikuwa mazoea ya miaka sita na miezi minne, na mazoea hayavuliwi mlangoni kama hewa.

"Mwalimu," akasema Kinu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuongeza neno lake mwenyewe, "mzee amesema kwa nguvu."

Nikasoma tena. Nilisoma kama nilivyosoma mbele ya madarasa ya watoto sitini, madirisha yakiwa wazi na mvua ikipiga bati. *Mwalimu. Soma kwa nguvu.* Maneno yakawaka. Yakavuka jiwe, yakavuka kigoda, yakafika kwenye ukuta wa mianzi, yakapenya nyufa zake zote kwa wakati mmoja. Na upande wa pili nikasikia mikono iliyokuwa ikisuka kikapu ikiacha kusuka.

Nikafika mwisho. Mwisho palikuwa na jina.

Alikuwa ameliandika kamili, kwa kuwa nilikuwa nimemwagiza: hakuna jina, andika tena. Fomu aliikunjua pembe yake, akangoja. Nilifungua kinywa. Mimi nina umri wa miaka sabini na tisa, na jina lile halijawahi kupita katika meno yangu.

"Sekunde kumi, wifi."

Nikaifunga midomo. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaupeleka mkono nyuma ya bega langu bila kugeuka, nikatafuta mahali pa jina kwa kuangalia kioo cha saa, nikatia alama ya vema.

Ncha ikagusa karatasi.

Kwa hesabu za ukurasa wa kumi na moja, kigololi cha ncha ya kalamu, kikigusana na kinyume chake, kingeuondoa mtaa wetu wote pamoja na soko. Lakini Baba Mkwe alikuwa mtu wa staha. Mwanga ulitoka kama anavyotoka mgeni mwenye adabu, bila kugonga kitu.

"Muda," akasema Sumaku mkubwa. Wakamwachia.

"Ataanguka juu au chini?" akauliza wa tano.

"Alikuwa mzee wa kanisa," akasema wa tatu. "Ataanguka juu."

"Ataanguka chini," akasema Leza, "kama sisi sote."

"Kama ndizi," akasema Kinu.

Alianguka chini, polepole, kuelekea udongo wa Rungwe. Alipopita karibu nami alikohoa mara mbili, ili nijue. Niliinamisha kichwa. Sikutazama.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka, na ukungu umekwisha kufika dirishani. Ukuta wa chumba cha pili ukagongwa.

"Shikamoo, Bibi. Unaumwa?" Alikuwa Tupokigwe.

"Marahaba. Siumwi."

"Ulikuwa unasoma usingizini. Kwa nguvu hasa!"

"Nilisoma nini?"

"Sikuyashika maneno. Ila yalifika hadi huku."

Nikavaa miwani, nikachukua kijitabu chake ili nimalizie ukurasa wa kumi na tisa. Kalamu haikuandika. Nikaijaribu pembeni, nikaijaribu kwenye kiganja. Haikuacha hata mstari. Ndipo nilipoisogeza dirishani. Kigololi cha ncha hakikuwapo. Kalamu hiyo niliinunua Jumamosi. Ndani ya mrija wino ulikuwa umejaa, umesimama pale pale ncha inapokoma, haukudondoka hata tone.

Tupokigwe akaingia akiwa bado amejifunga shuka, akaichukua. Akaipiga picha kwa simu, akanirudishia kalamu, akaikuza picha, akaitazama kwa muda mrefu kuliko mtu anavyoitazama kalamu.

"Bibi, hii haijavunjika. Hakuna mkwaruzo. Kigololi kimeondoka tu, kama…"

"Kama nini? Maliza sentensi."

"Acha nifikiri kwanza." Akaniona nilivyokaa wima kitandani, nimeinyoosha kalamu mbovu kama bendera, akacheka. "Ama kweli, Bibi, ndizi ziko mlangoni!"

Mara hii sikucheka.

"Niletee kopo la majani ya chai," nikamwambia. "Lile lililo nyuma ya sukari. Kisha rudi chumbani kwako."

"Chumbani?"

"Nyuma ya ukuta. Kaa huko."

Akalileta, akanitazama, akaenda. Niliikunjua karatasi juu ya magoti. Herufi za penseli zimeinama vilevile. Nne yake ipo, nyekundu, haijafifia.

"Kwanza kabisa," nikasema kwa nguvu, "haisemi ndizi."

Upande wa pili nikasikia kitanda kikilia, mtu akijiegemeza ukutani ili asikie vizuri.